Uchimbaji wa Mchanga wa Ujenzi Kisiwani Unguja na Matumizi ya Mashimo Baada ya Uchimbaji

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi mchanga wa ujenzi unavyochimbwa katika ardhi ya kilimo ya Unguja na yale yanayoifika ardhi hiyo baada ya mchanga kwisha. Hoja yake ni kwamba matumizi ya baadaye ya shimo huamuliwa siku ya kwanza ya uchimbaji, si siku ya mwisho, na kwamba mazoea ya fidia, yanayohesabu miti na mazao bila ya kuuhesabu udongo, ndiyo yanayoufanya uamuzi huo upite bila ya kuchukuliwa na mtu. Machimbo ya Bamburi, Mombasa, na nyanda za mboji za Ireland zinatumika kwa ulinganishi.

Utangulizi

Ukuta wa nyumba ya kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, udongo mwekundu na mchanga, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, na chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanuu la kuni. Katika ujenzi wa namna hiyo mchanga ulikuwa na sehemu yake, lakini haukuwa kiungo kikuu, kwa kuwa unene wa ukuta ulijazwa na mawe. Saruji ndiyo iliyobadilisha hesabu. Tofali la saruji ni mchanga kwa sehemu kubwa. Zege, plasta na sakafu navyo vinaudai mchanga. Majumba ya maendeleo ya Michenzani, yaliyosimamishwa Ng'ambo baada ya Mapinduzi, yalitangaza aina hiyo mpya ya ujenzi, na leo hakuna kijiji cha Unguja kisichokuwa na nyumba ya matofali ya saruji inayosubiri kuezekwa.

Ukubwa wa mahitaji unaonekana katika takwimu za sensa. Mwaka 2012 Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569. Mwaka 2022 walihesabiwa watu 1,889,773, yaani ongezeko la takriban asilimia 3.7 kwa mwaka. Wengi wao wanaishi Unguja, na hasa katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Juu ya mahitaji ya makaazi kuna hoteli za pwani ya mashariki na kaskazini, skuli, hospitali na barabara.

Mji Mkongwe umekuwa na mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 uliandikishwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mtu hawezi kubadilisha dirisha la nyumba yake huko bila ya kibali. Shimo lililotoa mchanga wa kuujenga mji mpya unaouzunguka ule wa kale haliangaliwi kwa jicho hilo. Liko shamba, mbali na macho ya wageni, na aghalabu huhesabiwa kuwa jambo lililokwisha pale lori la mwisho linapoondoka.

Ardhi inayotoa mchanga

Wakulima wa Unguja wana majina yao ya udongo, na majina hayo yanasema mengi kuliko ramani nyingi. Kichanga ni udongo wa mchanga mwepesi. Kinongo ni udongo mwekundu wenye rutuba. Kinamo ni udongo mzito unaoshika maji. Uwanda na maweni ni ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba katika nyufa zake. Kwa ujumla upande wa mashariki na kusini wa kisiwa umetawaliwa na uwanda, na upande wa magharibi na kaskazini-magharibi una udongo wa kina kirefu. Mchanga unaofaa kwa ujenzi umo katika upande huu wa pili, na ndiyo maana Donge, Pangatupu na Bumbwini, zote katika Wilaya ya Kaskazini 'B', hutajwa kila linapozungumzwa suala la mchanga.

Hapa pana mgongano ambao haupatikani katika nchi kubwa. Kisiwani ardhi yenye mchanga ndiyo ile ile yenye minazi, mihogo, miembe na mikorosho. Mchanga wa pwani hauwezi kuwa mbadala. Kuuchota kunaiacha fukwe wazi kwa mawimbi, na chumvi iliyomo hula nondo ndani ya zege mpaka nguzo ikapasuka. Hivyo kila gari la mchanga safi linatoka katika shamba la mtu, au katika shamba lililokuwa la mtu.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Eneo huainishwa na kuombewa kibali, miti na mazao huhesabiwa, vichaka hufyekwa, kijiko au katapila huondoa tabaka la juu na kuukata mchanga, na pale mtambo usipokuwapo, wapakizi huingia shimoni na machepe yao. Usimamizi wa rasilimali hii uliwahi kuwa chini ya idara ya serikali iliyoshughulikia misitu na maliasili zisizorejesheka. Jina hilo linastahili kuzingatiwa: mchanga uliwekwa pamoja na misitu, lakini ulikiriwa kuwa haurejei. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, Namba 3 ya mwaka 2015, nayo imeweka utaratibu wa tathmini ya athari za mazingira na kuunda mamlaka ya kuusimamia.

Ili msomaji apate kuona kiasi kinachohusika, mfano wa kukadiria unatosha. Eka moja ni takriban mita za mraba 4,047. Shamba la eka tatu likichimbwa kwa kina cha mita 2 hutoa kama mita za ujazo 24,300 za mchanga. Gari linalobeba mita za ujazo 5 litakwenda na kurudi mara 4,850 hivi. Njia ya shamba iliyotengenezwa kwa miguu na baiskeli haikukusudiwa uzito huo, na wakaazi wa pembezoni mwa njia huujua uchimbaji kwa vumbi kabla ya kuliona shimo.

Kinachobaki chini

Mchanga ukishaondolewa, kinachoamua uwezo wa eneo si mchanga uliokwenda, ni sakafu iliyobaki. Kitaalamu hili ndilo jambo la kwanza la kuuliza, na mara nyingi huulizwa la mwisho.

Sakafu ikiwa kinamo, maji ya masika husimama. Kati ya Machi na Mei shimo hugeuka bwawa, na maji yaweza kubaki hata baada ya mvua kukatika. Katika hali hiyo kilimo cha muhogo hakiwezekani tena, lakini mpunga na ufugaji wa samaki wa maji baridi vinaweza kufikiriwa, ilimradi kingo zimelazwa kwa mteremko mdogo ili mtu aweze kuingia na kutoka. Kingo zilizokatwa wima ni hatari ya namna mbili: huporomoka kuelekea shamba la jirani, na mtoto aliyeteleza majini hapati pa kushika. Ikumbukwe pia kwamba Zanzibar imetumia miaka mingi na fedha nyingi kuishusha malaria hadi maambukizo yakawa chini ya asilimia moja ya watu, na kwamba maji yaliyotuama yanayopigwa na jua ni mazalio ya mbu anofelesi. Bwawa lenye samaki ni jambo jingine, kwani samaki hula viluwiluwi vya mbu. Dimbwi lisilo na mwenyewe halina samaki.

Sakafu ikiwa mwamba wa matumbawe, hali hugeuka kinyume. Maji hupenya upesi na kutoweka, na kinachobaki ni jiwe lenye vumbi la mchanga. Nyasi huchukua muda mrefu kuota, na kile kinachoota hakimlishi mtu.

Sakafu ikiwa bado ni mchanga, kwa sababu uchimbaji ulisimamishwa kabla ya kufika chini, ardhi ina nafasi nzuri zaidi ya kurudi katika kilimo. Lakini hii ni hali inayohitaji mchimbaji aache sehemu ya mali aliyoilipia, na hakuna anayefanya hivyo kwa hiari.

Kuna na suala la maji ya chini. Unguja haina mto mkubwa wala ziwa, na watu wake wanakunywa maji yaliyohifadhiwa ardhini. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji ya chemchemi ya Bububu kwa mabomba hadi mjini, na visima vya leo vinategemea mvua ile ile inayochujwa na udongo. Katika kisiwa, maji matamu hulala juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi; kanuni inayojulikana ni kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inasimamia takriban mita 40 chini yake. Kwa hiyo kushuka kidogo kwa juu kuna maana kubwa kwa chini. Tabaka la mchanga ndilo chujio la hazina hiyo. Likiondolewa, maji ya mvua huteremka na uchafu wote yaliouzoa, na shimo likigeuzwa jaa la taka, kama inavyotokea mahali penye shimo na pasipo na mlinzi, uchafu huo umewekwa karibu kabisa na kisima. Kati ya matumizi yote ya baadaye, hili ndilo pekee linalopaswa kukataliwa bila ya mjadala.

Mfano wa Bamburi

Msomaji anaweza kuuliza kama ardhi iliyochimbwa hadi mwamba inaweza kurudi kabisa. Jibu lipo katika pwani hii hii ya Waswahili, kaskazini ya Mombasa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954 na kuchimba chokaa ya matumbawe hadi karibu na maji ya chini, yenye chumvichumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alikabidhiwa kazi ya kuuotesha uwanja huo mweupe usio na udongo. Alijaribu aina 26 za miti, na tatu tu zilisimama: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa jamii ya Conocarpus.

Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa. Mizizi yake hushirikiana na bakteria wa jenasi ya Frankia wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, na hivyo mti hustahimili pale pasipo na mbolea. Tatizo likawa majani yake, yaliyoanguka na kulala bila ya kuoza. Haller akaona jongoo mwekundu akiyala, akawaleta jongoo kwa wingi, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Baada ya hapo zikafuata aina nyingine za miti, mabwawa ya samaki na wanyama. Eneo lilifunguliwa kwa umma mwaka 1984 na baadaye likapewa jina la Haller. Wageni wengi hukumbuka zaidi urafiki wa kiboko Owen na kobe Mzee, ulioenea duniani baada ya tsunami ya Desemba 2004. Kwa mtafiti wa ardhi jongoo ana habari kubwa kuliko kiboko.

Mfano huu hutajwa kila mara, na mara nyingi hutajwa vibaya. Unathibitisha kwamba inawezekana. Hauthibitishi kwamba itatokea. Bamburi palikuwa na mmiliki mmoja aliyebaki mahali pamoja kwa miongo kadhaa, mwenye fedha, mwenye eneo kubwa lililoungana, na mwenye jina la kulinda. Mashimo ya Unguja ni madogo na yametawanyika. Mchimbaji wa leo si wa kesho. Na aliyebaki mahali pamoja ni mkulima, ambaye hana mtambo. Mvinje unastawi vizuri Unguja, na nguzo zake zina soko. Kinachokosekana si mti.

Fidia na kile isichokihesabu

Ili kuelewa kinachokosekana, lazima kurejea katika historia ya umiliki. Katika mila za Unguja ardhi na miti vilikuwa vitu viwili: mtu aliweza kumiliki minazi au mikarafuu iliyosimama katika ardhi isiyokuwa yake, kuiuza na kuirithisha. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitangazwa kuwa mali ya umma, na familia nyingi zikapewa eka tatu tatu za kulima. Sheria ya Umilikaji wa Ardhi, Namba 12 ya mwaka 1992, iliendeleza msingi huo: ardhi ni ya umma, na mwananchi ana haki ya kuitumia.

Matokeo yake katika uchimbaji ni ya moja kwa moja. Eneo linapotengwa kwa mchanga, kinachothaminiwa kwa mazoea ni kile mkulima alichokipanda: minazi kadhaa, miembe kadhaa, muhogo wa msimu. Udongo wenyewe haumo katika orodha, kwa hoja kwamba haukuwa mali yake. Lakini udongo huo ndio uliokuwa ukimpa muhogo mwaka hadi mwaka. Mnazi mmoja ukilipwa, umelipwa kwa uhai wake. Shamba likichimbwa, kilichoondoka ni mavuno ya mjukuu ambaye bado hajazaliwa, na hayo hayana bei katika karatasi yoyote. Kwa upande mwingine, mchanga una bei, tena inayojulikana na kila dereva. Hivyo katika shughuli moja, tabaka la juu la ardhi halina thamani kwa kuwa ni la umma, na tabaka la chini lina thamani kwa sababu hiyo hiyo.

Huenda mtu akasema kwamba ada ya serikali ndiyo inayoziba pengo hili. Ada inaingia katika mfuko wa jumla na hutumika kwa mahitaji ya jumla, si kosa. Ila haimrudishii mwenye eka tatu uwezo wa kulima, na haimlazimishi mtu yeyote kurudi Pangatupu na katapila kulaza kingo. Gharama ya kurejesha ardhi haimo katika bei ya mchanga, na kwa hiyo mjenzi wa mjini analipa usafiri na upakiaji, na shamba linalipa kilichobaki. Hali hii si ngeni kihistoria: hori lililoutenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo lilifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, na kifusi cha kufukia hakikuanguka kutoka mbinguni.

Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu, Namba 10 ya mwaka 1996, inatoa nafasi ya wanajamii kusimamia misitu yao kwa makubaliano na serikali. Wazo hilo halijapewa uzito unaolingana upande wa mashimo, ingawa idara iliwahi kuwa ile ile.

Ulinganishi na nyanda za mboji

Sehemu kubwa ya maandishi ya kitaalamu kuhusu matumizi ya maeneo yaliyokwisha kuchimbwa inatoka katika nchi za mboji. Mboji inayokusudiwa hapa ni tabaka nene la mabaki ya mimea yaliyolowa maji kwa maelfu ya miaka, ambalo hukatwa, hukaushwa na kuchomwa kama kuni. Ireland iliunda shirika la umma la kazi hiyo, Bord na Móna, mwaka 1946. Januari 2021 shirika hilo lilitangaza kuacha rasmi uvunaji wa mboji na kuelekea katika urejeshaji wa nyanda zake.

Mambo mawili ya huko yana maana kwa Unguja. La kwanza ni kwamba urejeshaji ulikuwa sharti la leseni, si hisani iliyofikiriwa baadaye. La pili ni kwamba kazi yote inaanzia kwenye maji: mifereji iliyochimbwa kukausha uwanda huzibwa, maji yakapanda, na mimea ikafuata. Mchanga si mboji, na Unguja haina cha kuziba. Hata hivyo swali ni moja: usawa wa maji uko wapi, na sakafu ya shimo itakuwa wapi ukilinganisha nao? Anayelijua jibu kabla ya kuchimba anaweza kuchagua kati ya bwawa, mpunga na msitu. Asiyelijua atachaguliwa na mvua.

Kinachoweza kuandikwa katika kibali

Tabaka la juu la kichanga, sentimita 20 hadi 30 za mwanzo, ndilo lenye mabaki ya mimea, mbegu na viumbe wadogo. Katika shamba la eka tatu tabaka la sentimita 30 ni kama mita za ujazo 3,600. Likichanganywa na mchanga linaharibu zege, na mjenzi hujitahidi kuliepuka. Likisukumwa hovyo pembeni linazolewa na mvua ya kwanza ya masika. Kulihifadhi ni kazi ya siku chache za mtambo ambao tayari upo shambani. Kulirudisha baada ya mtambo kuondoka ni safari mpya, mafuta mapya na mlipaji mpya, na mlipaji huyo hajulikani.

Kwa sababu hiyo kibali kinachotaja eneo na muda peke yake hakitoshi. Kinapaswa kutaja kina cha kusimama, kilichopimwa kutoka usawa wa maji wakati wa masika na si wakati wa kiangazi. Mteremko wa kingo. Na mahali pa kuweka lundo la udongo wa juu, lisizidi mita 2 kwenda juu ili lisifie ndani, na lipandwe kunde au mimea mingine ya jamii hiyo iwapo litakaa zaidi ya msimu mmoja. Uchimbaji ukienda kwa vipande, eka moja baada ya nyingine, udongo wa kipande cha pili hutandazwa moja kwa moja juu ya sakafu ya kipande cha kwanza, na lundo halihitajiki isipokuwa mara moja. Utaratibu huo pia unamwachia mkulima eka mbili za kulima wakati ya kwanza inachimbwa.

Linabaki suala la nani atathibitisha. Mkaguzi wa idara hufika kwa ratiba. Sheha na mkulima wapo kila siku, na mkulima anaijua kichanga yake kwa nyayo. Amana inayowekwa na mchimbaji kabla ya kuanza, na isiyorejeshwa mpaka watu hao wawili wametia saini kwamba udongo umerudi mahali pake, ingeipa fedha sababu ya kusubiri. Kiwango cha amana hiyo hakina haja ya kukisiwa: ni gharama ya katapila kwa siku zinazohitajika kutandaza mita za ujazo 3,600, na kila mwenye katapila Unguja anaijua bei ya siku moja.